Elektrodi Gani Ipimayo Kutu Kamanga?

Mwananchi avukaye kutoka Kamanga kwenda Mwanza, sawa na mwenzake wa Ukerewe, hukabidhi maisha yake kwa mabati ya chuma asiyoyaona, yaliyo chini ya maji. Kutu haina kelele. Kwa hiyo twawauliza wakaguzi wa vyombo swali moja: namba mnazoziandika mmezipima kwa elektrodi gani?

Chombo hukingwa kwa vipande vya madini ambavyo huliwa badala ya chuma, na voltimita ndiyo ielezayo kama kinga yatosha. Lakini voltimita hutaja tofauti tu, kati ya chuma na elektrodi rejea. Elektrodi hiyo sharti itulie, mfano wa nguzo ya kupimia kina cha ziwa. Nguzo ikititia, nani atajua kama maji yamepanda?

Baharini hutumika sana elektrodi ya fedha iliyo wazi kwa maji, nayo hutegemea chumvi ya bahari. Chumvi ikipungua mara kumi, kipimo husogea kwa volti 0.06 hivi, tena kwa upande wa hatari: chuma huonekana kimekingwa kuliko kilivyo. Ziwa letu ni la maji baridi! Hapa yafaa elektrodi ya shaba iliyozamishwa katika maji ya mrututu yaliyo ndani yake yenyewe. Kwa hiyo, volti hasi 0.85 ndicho kiwango kinachokubaliwa.

Taarifa ya ukaguzi isiyotaja elektrodi irudishwe kwa fundi, kivuko kingali chelezoni.