Nyoka wa Dimbwini: Dede, Maji ya Yakan na Hadhi ya Mahali Patakatifu katika Nile Magharibi

Katika maandishi mengi juu ya Nile Magharibi, Yakan hutajwa kuwa dini ya maji. Walioyanywa maji hayo waliahidiwa kwamba risasi zisingewadhuru, wazee na ng'ombe waliokufa wangerudi, na kodi isingelipwa tena. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha nje jambo zito: dimbwi na nyoka aliyeaminiwa kukaa ndani yake. Makala haya yanashikilia kwamba nyoka huyo ndiye anayeifanya Yakan ieleweke kuwa taasisi yenye makao, si dawa ya vita tu, na kwamba kumsahau kuna athari katika sera za leo.

Maji hayo yalihusishwa na Rembe, nabii wa Kikakwa. Nchi ya Wakakwa imekatwa na mipaka ya dola tatu: Koboko iko Uganda, Yei iko Sudan Kusini, na sehemu ya tatu iko Kongo. Walugbara, majirani zao wa kusini, walianza kumwendea Rembe mwishoni mwa karne ya 19, wakati sotoka ilipomaliza mifugo na homa ya uti wa mgongo ilipoua watu. Wakaja watawala. Eneo la Lado lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likapita kwa Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914, A. E. Weatherhead alipofungua boma la Arua. Ndani ya miaka minne watu walewale walikuwa wamebadilishiwa serikali mara mbili bila kuulizwa. Rembe alikamatwa, akanyongwa Yei mwaka 1917. Hata hivyo ibada haikuzimika, na mwaka 1919 mapambano kati ya waumini na polisi huko Udupi yaligharimu maisha.

Habari za nyoka zinapatikana katika makala ya J. H. Driberg ya mwaka 1931. Driberg, aliyetumikia utawala wa Uganda na baadaye Sudan kabla ya kugeukia uanthropolojia, anamweleza nyoka mwenye kichwa cha binadamu aliyekaa dimbwini na kutoa uaguzi. Jina lake lilikuwa Dede, yaani bibi mlinzi. Driberg anataja pia kamiojo, mmea uliotiwa katika maji. Ofisa wa kikoloni si shahidi asiye na upande, na kichwa hicho cha binadamu huenda kilikua kidogo njiani, kati ya mkalimani na daftari. Lakini jina la Dede haliwezi kupuuzwa. Bibi mlinzi si jina la silaha. Ni jina la ukoo, la mtu anayeendewa nyumbani kwake kwa ushauri.

Imani hiyo ilikuwa na mahali pa kusimama. John Middleton, katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya dini ya Walugbara, anaonyesha kwamba Mungu alifahamika kwao kwa sura mbili: Adroa wa juu, aliye mbali, na Adro wa ardhini, akaaye vijitoni na porini. Rembe, basi, hakuwaletea Walugbara wazo geni aliposema kwamba majini mna mwenyewe.

Mfano wa karibu ni Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907. Kinjikitile Ngwale alisimuliwa kuingia katika dimbwi la Ngarambe na kutoka akiwa na uwezo wa mzimu Hongo. Huko Uluguru, mzimu Kolelo alijulikana kwa umbo la nyoka. Tofauti ni kwamba dimbwi la Ngarambe lilihifadhiwa na wanahistoria, na tamthilia ya Ebrahim Hussein ikalifikisha madarasani. Dimbwi la Dede halikupata mwandishi wa namna hiyo. Hata jina la Udupi linampotosha mtafutaji, kwani mji wa jina hilo huko Karnataka, India, uko katika eneo mashuhuri kwa ibada ya nyoka miongoni mwa Wahindu. Kufanana huko ni kwa sauti tu.

Kwa washauri wa sera, suala hili liko katika sheria. Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957 inasema kwamba uchawi haujumuishi ibada ya mizimu inayofanywa kwa nia njema. Nani huamua nia njema? Katika shauri la Salvatori Abuki, mwaka 1997, Mahakama ya Katiba ilitengua amri ya kumfukuza mtu nyumbani kwake kwa sababu ya uchawi, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Mshtakiwa alipata kinga, lakini mahali pa ibada hapakuguswa na hukumu hiyo. Ofisa anayeifahamu Yakan kama maji ya waasi ataona ushirikina penye chemchemi yenye walinzi. Anayemfahamu Dede ataanza kwa kuuliza ni ukoo gani unaotunza maji hayo. Swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya kisima kuchimbwa au ardhi kupimwa, na liulizwe pande zote za mpaka. Rembe alinyongwa Yei, na waumini wake walikufa katika nchi ambayo sasa ni Uganda. Daftari la urithi la nchi moja litaandika nusu ya habari.