Daraja la Waendao kwa Miguu na kwa Baiskeli

Mabamba ni mji mdogo wa wilaya ya Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi. Nchi yake ni ya vilima, na mabondeni hupita vijito. Wakati wa kiangazi mtu huvuka akikanyaga mawe. Mvua zikija, kijito kile kile huwa kikali, kikakata njia ya shule na ya soko. Watu huweka ulalo, yaani gogo la mti, na mara nyingi maji huuchukua. Tena ulalo haumfai mwenye baiskeli.

Basi, tujenge daraja la namna gani? Kwanza, angalia maji hufika wapi wakati wa mafuriko. Waulize wazee, tena tafuta matope na majani makavu yaliyonaswa mitini. Daraja lililo chini ya alama hizo litapigwa na magogo yaeleayo, nalo halitadumu.

Kisha pima upana. Usipime baiskeli tupu, maana baiskeli ya huku huchukua mikungu ya ndizi na magunia, na mwenyewe huisukuma akitembea kando yake. Yafaa wawili kama hao wapishane pasipo mmoja kurudi nyuma. Ukuta wa kando nao uwe mrefu, kwa kuwa aliyepanda baiskeli kiuno chake ki juu, naye akiyumba aweza kupinduka akaanguka majini.

Katika mkoa wa Kigoma madaraja mengi ya mawe yamejengwa kwa msaada wa Ubelgiji, pamoja na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini iliyoanza mwaka 2017. Nguvu yake i katika tao. Jiwe likigandamizwa lina nguvu nyingi, lakini likivutwa hupasuka. Ukilaza bamba la jiwe juu ya kijito, upande wake wa chini huvutika. Katika tao kila jiwe hubanwa na jirani zake, na uzito hupita toka jiwe hata jiwe mpaka kwenye misingi. Waashi huunda kwanza kiunzi cha mbao, wakapanga mawe juu yake toka pande zote mbili hata yakutane katikati. Saruji isipokauka, kiunzi hakiondolewi.

Tao la nusu duara lina mgongo mrefu, na mwenye mzigo huchoka kuupanda. Huko Uchina, yapata mwaka 605, fundi Li Chun alijenga daraja la Zhaozhou, lenye tao la chini lililoenea mita 37 hivi. Aliacha matundu mawili kila upande juu ya tao, ili maji ya mafuriko yapite na uzito upungue. Daraja hilo lingali limesimama. Lakini tao la chini husukuma kingo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo msingi wake lazima ukae juu ya mwamba au udongo mgumu sana. Afadhali mwashi ataabike mara moja katika msingi kuliko wapitao wataabike kila siku.

Mlangoni pa daraja husimamishwa nguzo moja katikati, gari lisipite. Nafasi ya kila upande iachwe ya kutosha baiskeli pamoja na mikungu yake.