Dawa ya Pumu Huishia Wapi?

Wenzangu wa bweni wajua kwamba nina pumu. Usiku mmoja wa mvua, muhula uliopita, nilibonyeza inhela yangu mara mbili na kifua kisifunguke. Nilisikia uchungu kooni tu. Matroni akaniambia, "Mwanangu, huo uchungu ndio dawa yenyewe. Imebaki huko." Tangu siku ile nilitaka kujua dawa huishia wapi, na watu hupimaje kitu kisichoonekana.

Inhela ya kubonyeza ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956. Dawa hutoka kwa kasi kubwa, nayo ni matone madogo mno. Lakini njia ya pumzi haikunyoka. Nyuma ya ulimi hupinda kwenda chini. Hewa hukata kona bila taabu, bali tone zito hushindwa, likagonga ukuta wa koo na kuganda hapo, kama baiskeli iteremkayo mlima bila breki. Matone yazidiyo maikroni 5 mengi hukwama hivyo. Yafikayo mapafuni hasa ni yale ya maikroni 1 hadi 5. (Unywele mmoja wapata kama maikroni 70, basi fikiri mwenyewe!)

Ili kupima, wataalamu hutengeneza koo la bandia, la chuma au la plastiki. Pampu huvuta hewa kupitia koo hilo, na chini yake pana sahani zilizopangwa kwa tabaka: matone makubwa hunaswa juu, madogo chini. Kisha kila sehemu huoshwa, na dawa iliyomo katika maji yale ya kuoshea hupimwa.

Hata watu hupimwa. Chembe hutiwa teknetiamu yenye mionzi hafifu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, na kamera maalumu huonyesha zilipotua. Mwaka 1981 madaktari wa London walitangaza kwamba kiasi cha sehemu 80 katika 100 zilibaki kinywani na kooni. Mapafuni zilifika kama 9 tu. Nilisoma hesabu hiyo mara mbili. Kweli, baadhi ya inhela za siku hizi hufikisha zaidi.

Kumbe chupa tu yasaidia! Ukiiweka kati ya inhela na kinywa, dawa hupunguza mwendo, na matone makubwa hubaki chupani. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, iliwafaa watoto wenye pumu sawa na kifaa cha kununua.

Matroni na mimi tulitoboa yetu kwa waya wa moto, tukaziba kwa gundi. Navuta polepole, maana kuvuta kwa pupa huongeza kukwama, kisha nazuia pumzi nikihesabu hadi 10. Uchungu kooni sasa ni kidogo sana. Mdogo wetu mmoja wa kidato cha pili ameiona, naye ataka yake, tutamtengenezea Jumamosi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV