Usisugue Kutu ya Jambia la Kijapani

Bila shaka umepata kuona kisu cha babu kilichokaa miaka mingi darini, halafu kijana mwenye juhudi akakishusha akakisugua kwa mchanga hata kikang'aa. Watu wa nyumbani husifu. Lakini kama kisu kile ni jambia la kale la Kijapani, kijana yule amefanya hasara kubwa kwa muda wa nusu saa, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Jambia hilo huitwa tanto. Urefu wa ubapa wake haufiki sentimita 31, nao wenye kukusanya vitu vya kale hulitafuta sana. Wala hawatazami dhahabu wala mapambo kwanza. Huomba ruhusa, wakasukuma kigingi kidogo cha mwanzi, wakautoa mpini, ili wautazame msuka, yaani chuma kile kinachojificha ndani ya mpini. Hapo ndipo mhunzi alipochora jina lake kwa patasi, kama alilichora.

Na msuka una kutu. Yafaa uwe nayo! Kutu ya miaka mia tano ni nyeusi, imetulia, haili tena chuma upesi. Mjuzi huisoma kama sisi tusomavyo mvi za mzee. Tena wadanganyifu hawakosekani: huchora jina la fundi mashuhuri juu ya kazi ya mtu mwingine. Patasi mpya ikikata kutu ya zamani, kosa huonekana. Ukiisugua kutu, basi umemwondoa shahidi, na pengine na jina lenyewe.

Sasa tuone kazi iliyo mbele ya msuka. Mchanga wenye chuma huyeyushwa pamoja na mkaa katika tanuru ya udongo, siku tatu mchana na usiku, ipatikane pua. Mhunzi huipiga, huikunja, huipiga tena. Ukikunja mara 10 tu umekwisha kupata tabaka 1,024. Fanya hesabu mwenyewe. Kisha huupaka ubapa udongo, mzito mgongoni, mwembamba penye makali, akautia motoni, halafu majini. Makali hupoa ghafula yakawa magumu; mgongo hupoa polepole ukabaki laini, usivunjike. Mpaka wa sehemu hizo mbili huonekana kama ukungu mweupe kandokando ya makali, na kila fundi alikuwa na namna yake.

Yoshimitsu, mhunzi wa mji wa Kyoto katika karne ya 13, alisifiwa kwa majambia kuliko kwa panga ndefu. Moja lake, Atsushi Toshiro, ni nene ajabu, nalo limo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza watu kutembea na panga hadharani, na wahunzi wengi wakakosa kazi. Tena mwaka 1945, vita vilipokwisha, silaha zilikusanywa kwa wingi. Nyingi ziliharibiwa, kazi nzuri pamoja na mbaya. Nyingine zilichukuliwa na askari wa Marekani kuwa ukumbusho. Ndiyo sababu hata leo mzee akifa huko Marekani, watoto wake huweza kukuta jambia katika sanduku, wasijue ni nini. Hapo msasa huwa karibu mno na mkono!

Wewe ukikabidhiwa jambia kama hilo, usiguse ubapa kwa vidole, maana jasho huleta kutu mpya, nayo ndiyo mbaya. Usizungumze ukiwa umeuelekeza kinywani. Mate nayo ni maji. Usijaribu makali kwa kidole gumba, ingawa najua utatamani. Ubapa ukiwa umechafuka, kazi hiyo ni ya msuguaji aliyefundishwa miaka, mwenye mawe yake ya namna nyingi.

Wewe paka mafuta kidogo tu, kwa kitambaa safi. Mafuta ya Wajapani yalitiwa karafuu, hiyo hiyo tunayoijua ya Unguja na Pemba, na harufu yake hubaki katika ala ya mti. Kisha rudisha mpini, na kile kigingi cha mwanzi ukikaze mahali pake.