Kitaa Kinaitwa Reli, Treni Hakuna

Jumapili moja nilikuwa nimefulia kinoma. Mfukoni buku tano, boda ninayoazimaga imekufa injini, na geto joto la Novemba halikaliki. Nikamcheki mshkaji wangu: leo tunauzunguka mji kwa mguu, asubuhi mpaka jua lizame. Akacheka. "Mtwara hii? Nusu saa umeimaliza."

Huo ndo uongo wa watu wa bajaji.

Tulitoka kweupe hata hakujakaa sawa. Mtwara kuchele, si ndo tunavyojisifu? Kumekucha. Basi kwa mara ya kwanza nikaiona ikikucha kweli, bila kelele za muziki wa bajaji.

Tukaanzia uwanja wa Nangwanda Sijaona. Humo nimeshaingia mara kibao kuishangilia timu ya Ndanda, ila kuuzunguka uwanja kwa nje, sijaona, kama jina lenyewe. Mbele kidogo bibi mmoja kakaa na sinia la ming'oko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu. Mnamkimbia nani asubuhi yote hii?"

Fungu la jero. Kama hujaijua ming'oko, wewe wa kuja: ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole vya mtoto, inachemshwa. Unamenya kwa kucha, unachovya kwenye chumvi ya pilipili, unatafuna taratibu maana ina nyuzi. Huwezi kuila ukiwa juu ya boda. Tulikaa pale kwenye tofali mpaka fungu likaisha, bibi akatuongeza mbili za bure.

Halafu Reli. Tembea kata nzima, ukiona taruma hata moja niite. Ishu ilianza 1947: Waingereza, uhaba wa mafuta ya kula umewakaba baada ya vita, wakaamua kulima karanga Tanganyika, kule Kongwa, Urambo, na kwetu huku Nachingwea. Wakachora mji mpya Mtwara, wakajenga bandari ya kina kirefu, wakatandika reli mpaka Nachingwea. Udongo ukazingua, mvua ikazingua, matrekta yakafia shambani. Mwaka 1951 wakasalimu amri, pauni kama milioni 36 zimeshaungua. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ramani yao lakini ndo hiyo tunaikanyaga mpaka leo. Barabara pana ile mbaya, za mji ambao haukufika. Unatoka kitaa kimoja, unakutana na uwazi, mikorosho miwili mitatu, mbuzi, uwazi tena, ndo unaingia kitaa kingine. Kwenye boda huo uwazi ni upepo tu. Kwa mguu unaulipia kwa jasho, na saa tano hiyo jua la utosini, ndala ya mwana ikakatika kamba. Akaifunga na kipande cha mfuko wa salfa. Ikatembea.

Karibu na bandari malori yamejipanga, mengine ya korosho, mengine ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, madereva wamelala chini ya tela. Mmoja akatuuliza stesheni ya treni iko wapi, maana kasikia watu wanasema "nashuka Reli". Tulicheka mpaka basi. Getini hatukuingia, hatuna kibali, tukaichungulia meli kwenye uzio kama watoto.

Huku Kusini ndiko waliko Wamachinga, kabila ambalo jina lake nchi nzima imeipa kazi ya kuuza kwa miguu. Na sisi hukuhuku tunaita boda kwenda dukani. Mimi wa kwanza.

Shangani sina mengi: kivuli, nyumba za wenye nazo, mchanga. Tulichovya miguu baharini, ikauma.

Jioni tukavuka maji kwenda Msangamkuu kwa mtumbwi. Nimezaliwa mji huu na sikuwahi kuvuka, si aibu hiyo? Ukiwa ng'ambo ndo unauona mji kwa uso: taa za bandari zimewaka zote, kubwa, na Mtwara yenyewe imejikunyata nyuma yake, gizagiza. Mwana akanyoosha kidole.

"Kwetu wapi pale?"

Tulitafuta. Kila mtu akaonyesha taa yake.

Kurudi tukakuta boda wamejaa. "Wapi wanangu?" "Reli." "Buku mbili." Mfukoni nilikuwa nayo buku moja na jero. Mwana akakaza ile kamba ya salfa, tukaondoka.