Saintpaulia: Ua la Tanga Lililobadilishwa Jina

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipeleka kwao mbegu za mmea mdogo wa miamba yenye kivuli. Majani yake manene yana vinyweleo laini na hujipanga duara karibu na ardhi. Maua ni ya zambarau, na katikati ya kila ua mna vifuko viwili vya chavua, manjano kabisa. Kupitia kwa baba yake, mmea ukamfikia Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha.

Neno la kwanza ni la jenasi, na linaheshimu ukoo wa Saint Paul. La pili limetoka katika Kigiriki: ion ni violeti, anthos ni ua. Hata hivyo mmea huu si violeti hata kidogo. Violeti halisi ni jenasi ya Viola. Huu ni wa familia ya Gesneriaceae, na Wendland alikuwa akizungumzia sura tu, si undugu.

Undugu ndio uliobadilisha jina. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Saintpaulia ni tawi lililo ndani ya Streptocarpus, jenasi iliyopewa jina tangu 1828. Kanuni ni kwamba jina la zamani zaidi ndilo linalobaki, kwa hiyo leo wataalamu huandika Streptocarpus ionanthus. Streptocarpus maana yake ni tunda lililosokotwa, na tunda la ua hili la Tanga halikusokotwa. Hilo halibatilishi jina, kwa kuwa jina la kisayansi halifutwi eti maana yake haioani na mmea.

Kwa nini ionantha imekuwa ionanthus? Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi, kama kivumishi cha Kiswahili kinavyofuata ngeli: kiti kikubwa, lakini meza kubwa. Saintpaulia ni ya kike, Streptocarpus ya kiume. Ndiyo maana pendula, jina la mmea mwingine wa kundi hili, nalo limekuwa pendulus. Rupicola, mmea wa miamba ya chokaa ya Kilifi, haikuguswa, kwani hiyo ni nomino: mkaa miambani.

Majina yanayopendeza zaidi ni yale yanayotaja mahali. Shumensis ni wa Shume, Usambara Magharibi. Teitensis ni wa milima ya Taita. Wajerumani huliita ua lenyewe violeti la Usambara, na wamefanya vizuri kuliko wauzaji wanaoliita violeti la Afrika, kana kwamba bara zima lina kilima kimoja. Ua hili asili yake ni Tanzania na Kenya tu.

Kwenye kibao cha bustani, jenasi huanza kwa herufi kubwa na spishi kwa herufi ndogo, zote mbili kwa mlazo. Aina zilizozalishwa na wakulima, kama ‘Blue Boy’ ya Los Angeles ya miaka ya 1920, huandikwa kwa herufi za kawaida ndani ya alama moja moja za kunukuu. Saintpaulia bado linafaa sokoni, na mnunuzi ataelewa. Katika orodha ya bustani ya mimea, kitalu cha uhifadhi au kitabu cha shule, Streptocarpus ionanthus ndilo la kuandikwa, na Tanga itajwe pembeni yake.