Usalama wa Nani Katika Bahari ya Hindi?

Tarehe 16 Desemba, 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio Na. 2832, likaitangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Hoja hiyo ilitetewa na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, pamoja na Tanzania. Nchi 61 ziliunga mkono, wala hapakutokea hata moja iliyopinga. Lakini 55 zilijizuia kupiga kura, zikiwamo Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti. Wakubwa hao hawakutaka kuonekana wanaikataa amani, wala hawakuwa tayari kuziondoa manowari zao.

Nadharia waliyoitegemea ni kongwe: kwamba usalama wa dola ni silaha zake, na amani hupatikana pale hofu ya huyu inapolingana na hofu ya yule. Mwaka 1950 mwanazuoni John Herz alikwisha kuieleza ila yake. Taifa likijiongezea silaha kwa kujihami, jirani huona anatayarishiwa vita, naye huongeza zake. Mfano tunao karibu. Katika miaka ya 1970 Marekani ilidai kuwa haina budi kuipanua kambi yake ya Diego Garcia kwa sababu Wasovieti wako Berbera, Somalia. Mwaka 1977 Somalia ikawafukuza Wasovieti. Je, kambi ilipunguzwa? La hasha, na mwaka 1980 Marekani yenyewe ikapata ruhusa ya kuitumia Berbera.

Lakini sisi watu wa visiwani tunalo swali zito kuliko hilo la silaha. Mwaka 1969 Johan Galtung, mtaalamu wa Norway, aliandika kwamba amani isipimwe kwa kukosekana vita tu. Mtu akifa kwa kifua kikuu ilhali dawa ipo, naye hakuwezeshwa kuifikia, hapo pana jeuri, ijapokuwa haukuinuliwa mkono wa mtu yeyote. Jeuri hiyo imo katika mfumo wenyewe. Sisi tuliopitia chuoni hatushangai: amani na amana shina lao ni moja, na dhuluma haihitaji upanga.

Tazama, ndugu msomaji, yaliyowapata wenzetu wa Chagos. Novemba 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Mauritius, iliyokuwa bado koloni lake, kwa malipo ya pauni milioni 3. Mwaka uliofuata ikapatana na Marekani juu ya kambi. Wenyeji, ambao wengi wao ni wazao wa watumwa walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya minazi, waliondolewa kati ya 1968 na 1973. Waliokuwa wamesafiri Mauritius kwa matibabu waliambiwa hakuna meli ya kuwarudisha. Mashamba yalinunuliwa, kisha yakafungwa. Shehena za chakula zikapungua. Mwaka 1971 mbwa wao waliuawa kwa moshi wa magari. Hatimaye waliosalia walipakiwa melini, wakashushwa Mauritius na Shelisheli.

Hakupigwa risasi mtu hata mmoja. Kwa hesabu ya wale wanaopima amani kwa vita peke yake, Chagos ilikuwa na amani tele. Katika majalada ya London watu hao walitajwa kuwa vibarua wa mkataba, wala si wakazi, ili serikali isiwajibike kwa ajili yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ndugu zetu wa maofisini wazingatie hapo: kabla ya meli kung'oa nanga, kalamu ya karani ilikwisha kuwahamisha.

Tarehe 25 Februari, 2019, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai kwamba kutengwa kwa Chagos hakukuwa halali. Mei 22, 2025, Uingereza na Mauritius zikatia saini mkataba unaoirejeshea Mauritius mamlaka, na kuiacha kambi mahali pake kwa miaka 99. Mkataba unaruhusu watu kurejeshwa katika visiwa vingine vya Chagos. Diego Garcia, waliko makaburi ya wazee wao, haimo.